Huko Juu Hakuna Dobi

Alikaa siku kumi na moja, chumba mia saba kumi na nne,
Bwana Lindqvist, kabla hajapaa.
Uso wake sikuwahi kuuona.
Niliyajua mashati yake: sita meupe, kola ngumu,
na lile la bluu lenye doa la mchuzi wa kuku
lililokataa sabuni, likakataa ndimu,
likakubali tu nilipolisemesha.

"Huyo ndiye anayelipa ili aende," Kwamboka aliniambia
tukikunja shuka, yeye pembe zake, mimi zangu,
tukikutana katikati kama wanaosalimiana.
"Wenzake wamesomea. Yeye ni mtalii.
Simba amewamaliza, sasa anataka nyota."

Lile la bluu lilikosa kifungo, cha tatu kutoka juu.
Uzi mweupe ulikuwa umeisha.
Nikashona kwa wa kijani, wa sare ya Kavata,
nikasema moyoni, nani atatazama?

Siku ya kupaa, mashine zote nne zilikuwa zikisokota.
Hatukusikia kitu. Tuliona tu, kwenye televisheni ya mlinzi,
moto, kisha moshi, kisha
watu watatu wamefungwa mikanda kama vitoto mbelekoni.
Wanaanga wawili walikuwa wakisoma vioo vyao.
Wa tatu aliinua kidole gumba
akakishusha upesi,
kama mtu aliyekumbuka hakuzima jiko.
Msimamizi akaingia: "Taulo za ghorofa ya tano ziko wapi?"
Walifika angani taulo hazijafika ngazini.

Tangu hapo nauliza. Lemayian wa mapokezi huyasoma mambo hayo,
hunieleza tukinywa strungi nyuma ya jikoni.
Kwamba kule jua huchomoza mara kumi na sita kwa siku.
Nikapiga hesabu: mwezi mzima kwa siku mbili,
mshahara kila siku mbili!
Halafu nikaikumbuka kodi ya nyumba.
Kwamba maji hayamwagwi: jasho, pumzi, hata mkojo
huchujwa, hurudi kikombeni.
Sikucheka. Pipeline maji huja Jumanne na Ijumaa,
ya kufulia ndiyo ya kudekia,
ya kudekia ndiyo ya chooni.
Hapo pa kikombe tu ndipo wametushinda.

Lakini hili lilinikalisha chini:
huko juu hakuna dobi.
Nguo huvaliwa mpaka ishindwe,
kisha hushindiliwa na taka ndani ya chombo
kinachoachiwa kianguke, kiungue hewani.
Pesa zote zile,
na fulana moja wiki nzima.

Leo ameniandikia dakika kiganjani, kwa kalamu ya wageni.
Saa moja na nne, kutokea upande wa Ngong.
Nimepanda darini, ghorofa ya nane,
katikati ya kamba za wapangaji,
na Kavata ndani ya sweta yake.
"Ile?"
Si ile, ile inapepesa, inatua Embakasi.
"Ile?"

Nukta. Haipepesi, haina sauti,
inakwenda kama mtu ajuaye aendako,
juu ya minara ya simu, juu ya mabati,
juu ya godoro la jirani lililoanikwa tangu asubuhi.
"Kuna watu mle?"
Wapo.
"Wanatuona?"
Leo hapana. Stima imepotea tangu saa kumi.

Nikamwambia, kuna uzi wako mle.
Akautazama mkono wa sweta, akaugeuza,
akatafuta palipopungua.
Siku ukiona kimwondo, nikasema, usiombe kitu,
huenda ni kifungo changu kinarudi.

Ikaingia gizani kabla ya kufika upande wa Athi,
ghafla, kama iliyofungiwa mlango.
Tukaanza kuanua.
Mapindoni nguo zilikuwa bado mbichi.